Nchi Iliyojiandaa Kuchelewa

Sikuwahi kuwa na nia ya kwenda Mangojeo. Nilikuwa natoka ugenini, nilikokuwa nikifundisha jiografia, narudi nyumbani kwa mke wangu Tunu, na Mangojeo palikuwa mahali pa kubadilisha ndege tu. Jina lenyewe sikuwa nimelisikia, ingawa ramani ndiyo kazi yangu. Ninayoyaeleza hapa nayaeleza kama nilivyoyaona, wala sitamcheka mtu, kwa sababu nami nilikaa huko mpaka nikakaribia kuwa mwenyeji.

Nchi nzima iko chini ya paa moja la kioo. Paa hilo liko juu mno, hata mawingu hujikusanya chini yake, na mara nyingine huangusha manyunyu mepesi ambayo hukauka kabla hayajafika mabegani. Jua la huko halichomozi wala halizami. Limetulia mahali pa alasiri, na mwanga wake una rangi ya chai ya maziwa. Sakafu ilitandikwa zulia la kijani zamani, na sasa zulia limeota nyasi za kweli. Viti vimepangwa mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka kuvifuata, na kila mstari ni mtaa wenye watu wake, misiba yake na harusi zake. Mtu akikuuliza unakaa wapi, unamtajia lango lako. Nje ya kioo, ndege nyeupe hutua na kupaa bila kishindo, kama yangeyange wanaoshuka shambani kisha wakaghairi.

Na juu ya yote hayo kuna Sauti. Ni sauti ya mwanamke, laini, na hakuna anayejua inatokea wapi. "Wapendwa abiria," husema, "safari ya kuelekea milimani itachelewa. Tunawashukuru kwa kujiandaa." Watoto wa Mangojeo hulala kwa maneno hayo. Niliwaona akina mama wakinyamaza katikati ya wimbo wa kubembeleza ili Sauti ndiyo imalizie.

Mlangoni nilipokelewa na afisa wa makamo, mwanamke mwenye heshima zake. Alinisalimu vizuri, nikamwambia mimi ni mwalimu, kisha akaniuliza nimekuja na nini cha kungojea.

"Nina tiketi," nikamwambia.

"Tiketi ni ya kusafiria, mwalimu. Nimekuuliza cha kungojea."

Nikafungua mkoba wangu. Ulikuwa na shati, mswaki na kitabu cha ramani. Aliutazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama jirani aliyetoka nje amesahau kuvaa suruali. Hakunikaripia. Aliniongoza taratibu hadi Lango la Mashariki, akanionyesha kiti, akasema ndege yangu imechelewa.

"Lakini ile pale," nikasema, kwa maana niliiona nje ya kioo, mlango wazi, ngazi imeshushwa. "Imeandikwa jina la kwetu."

"Ndiyo hiyo. Imechelewa kwa mujibu wa tangazo." Akaniwekea mkono begani. "Tunatangaza mapema ili watu wasiumie. Anayeambiwa mapema haumii. Utazoea."

Ndege ile ilisubiri muda wake, ikafunga mlango, ikaondoka bila mtu. Watu wa viti vya karibu waliipungia mikono.

Jirani yangu kwenye mstari ule alikuwa bibi mmoja anayeitwa Bi Mwatumu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu asiyependa kuhurumiwa. Viti vyake alikuwa ameviunganisha akavifanya sebule, na nyuma ya sebule kulikuwa na mlima wa mizigo: godoro, majiko, mitungi ya maji, magunia ya mchele, cherehani, dawa za kila homa, beseni zenye mchicha, na tenga la kuku waliokuwa wakitaga humo humo safarini. Juu ya mlima ule serikali ilikuwa imefunga utepe wa kijani. Niliambiwa utepe huo hupewa msafiri bora, na kwamba katika nchi nzima hakuna aliyejiandaa kumshinda yeye.

Nikampa shikamoo, nikamuuliza anasafiri kwenda wapi.

"Kwa mdogo wangu Hadia, milimani."

"Umeanza safari lini, bibi?"

Alifikiri. "Wakati huo ukumbi huu ulikuwa mdogo," akasema. "Ukikohoa mwanzo, wa mwisho anakusikia."

Baadaye manyunyu yalianguka, na kwa kuwa sikuwa na kitu cha kujifunika, nikaanza kutetemeka. Pande zote za kiti changu watu walikuwa na mablanketi yaliyopangwa hadi kifuani. Walinitazama, wakatazama pembeni, na niliona kwamba haikuwa roho mbaya, ila walikuwa wanaogopa. Kisha Bi Mwatumu akainuka, akaweka blanketi zito kwenye kiti cha pili kutoka changu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, nimesahau blanketi langu sijui wapi. Uzee huu."

Nikalichukua, nikataka kumrudishia.

"Mwalimu," akasema chini kwa chini, bila kunitazama, "mtu akisahau kitu chake, si adabu kumkumbusha."

Ndipo nilipoelezwa sheria. Katika nchi ile, aliyejiandaa haruhusiwi kumpa asiyejiandaa kitu chochote, hata maji ya kunywa, kwa sababu kumpa ni kumlea katika uzembe. Anayekamatwa akitoa, mizigo yake yote huhesabiwa kuwa ni ya ziada, na hupelekwa ghala la serikali. Lakini waliotunga sheria hawakukataza kusahau.

"Lango letu hili lina usahaulifu mwingi," Bi Mwatumu alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Nilikuwa na muda, basi nikajifunza desturi zao. Sheria kuu ya Mangojeo ni ya kuwahi. Zamani msafiri alitakiwa kufika uwanjani mapema kidogo kabla ya safari. Kisha ikaonekana kwamba anayefika mapema kidogo anakuta wenzake wametangulia, ikaamriwa afike mapema zaidi, na wenzake nao wakafika mapema kumshinda, mpaka watu wakahama nyumba zao wakaja kukaa pale. Sasa hakuna tena mji nje ya uwanja. Nilipokuwa huko, wanachuoni walikuwa wakijadili iwapo mtoto aliyezaliwa ukumbini amewahi au amechelewa. Kundi moja lilisema hakuna awezaye kuwahi kuliko yeye. Kundi la pili lilisema mama yake alikuwepo kabla yake, na kwa hiyo amechelewa. Mjadala uliendeshwa kwa heshima kubwa, na hukumu ikatoka kwamba watoto wote wamechelewa, lakini wasamehewe kwa mara ya kwanza.

Kupanda ndege nako kuna utaratibu wake. Anayetaka kusafiri huenda mbele ya Baraza la Tahadhari, akiwa na mizigo yake yote, naye huulizwa maswali. Nilimshuhudia bwana mmoja aliyekuwa anakwenda kuoa.

"Ndege ikichelewa mpaka chakula kikakuishia?" Baraza liliuliza.

"Nina unga wa akiba, waheshimiwa."

"Na unga ukiisha?"

"Nina mbegu. Nitapanda."

"Na mbegu zisipoota?"

Bwana yule aliinamisha kichwa. Alirudi kitini kwake kutafuta mbolea, na watu wa lango lake wakampa pole na kumwambia amefika mbali. Niliambiwa mchumba wake anaelewa, kwa sababu naye yuko katika lango jingine, anajiandaa.

Nikauliza kama kuna aliyewahi kupita mbele ya Baraza. Wapo waliowahi kukaribia, nikajibiwa.

Sitaki kuficha yaliyonipata mimi. Siku za mwanzo kila ndege iliyotua ilinichoma moyo. Baadaye nikaanza kuzitazama kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani. Bi Mwatumu alisahau beseni karibu yangu, na mwingine akasahau udongo, nami nikapanda bamia. Nilipata mto wa kulalia, kisha sufuria, kisha ya pili kwa ajili ya siku ile ya kwanza itakapotoboka. Nilianza kulala usingizi mzuri, usingizi wa alasiri usio na mwisho, na ndani yake mawingu yalipita polepole kutoka lango moja hadi jingine. Sauti ikiitaja safari ya kwetu, sikuinua tena kichwa. Siku moja nilijaribu kuikumbuka sauti ya mke wangu akiniita kutoka jikoni. Nikasikiliza ndani yangu kwa bidii, na nilichosikia ni: tunakushukuru kwa kujiandaa. Niliogopa. Lakini hata hofu katika nchi ile ni laini, haimwamshi mtu, basi nikaenda kumwagilia bamia.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku Sauti ilipomwita Bi Mwatumu kwa jina.

"Mpendwa abiria Bi Mwatumu wa Lango la Mashariki," ilisema, kwa ulaini ule ule, "mdogo wako Hadia anakusalimu. Macho yake yanafifia. Ameambiwa mwanga uliobaki ni mdogo na hautarudi. Anaomba auone uso wako kabla mwanga huo haujazimika. Tunakushukuru kwa kujiandaa."

Bi Mwatumu alikuwa anaosha mchele. Maji yalijaa kwenye bakuli, yakafurika, yakatiririka juu ya nyasi, naye akaendelea kumimina. Nikamshika mkono, nikauchukua mtungi.

"Tuliagana pale," akasema, akionyesha mahali ambapo sasa palikuwa pamejaa vitanda vya watu. "Nafasi ilikuwa imebaki moja, nikamwambia atangulie. Nikamwambia nakuja na ndege inayofuata. Hiyo ndiyo iliyochelewa."

Kila mtu Mangojeo anajua habari za Kuchelewa Kukuu, na husimulia kwa sauti ya chini. Ukungu ulishuka ukafunika uwanja, ndege hazikuja, na watu waliokuwa ukumbini, wote wakiwa na mikoba ya mkononi tu, waliishiwa chakula na maji. Sheria zote za nchi zilizaliwa na siku hizo. Sikuwa nimejua kwamba Bi Mwatumu alikuwemo.

"Kwa nini hukuondoka ukungu ulipoisha?" nikamuuliza.

"Nilitaka kuondoka. Nikaambiwa ninunue kwanza blanketi, isije ikatokea tena. Nikaona ni maneno ya akili." Alifuta mikono kwenye khanga. "Kila walichoniambia kilikuwa cha akili, mwalimu. Ningekuta hata kimoja cha kijinga, ningekataa."

Kisha akasimama na kuwaambia majirani kwamba anakwenda Barazani.

Lango zima lilimsindikiza. Kubeba mzigo wa mtu kwa muda si kutoa, basi sheria iliwaruhusu, na msafara ule ulienda chini ya mawingu ukiwa na godoro, mitungi, cherehani na kuku, na watu wa malango mengine wakasimama juu ya viti ili waone. Nje ya kioo, mbele kabisa ya Baraza, ndege ya milimani ilikuwa imeshatua. Ngazi ilikuwa chini, na rubani, mwanamke mwenye kofia mkononi, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho kama mtu aliyezoea kutofuatwa.

Mkuu wa Tahadhari anaitwa Mheshimiwa Kengewa. Ni mzee mpole, na husikiliza kwa kufumba macho. Alimpa Bi Mwatumu kiti, jambo ambalo si la kawaida, na maswali yakaanza.

Akaulizwa chakula kikiisha, akajibu. Akaulizwa mbegu zisipoota, akaonyesha mbolea. Akaulizwa kuku wakifa, akaonyesha mayai yaliyolaliwa. Akaulizwa akiugua, akipatwa na baridi, akipotewa na sindano ya cherehani, akichoka kuwa peke yake. Kwa hili la mwisho alitoa kioo kidogo, na Baraza likaafikiana kuwa ni jibu. Hatimaye mjumbe mmoja akakohoa na kuuliza, kwa aibu kidogo, itakuwaje akifa angali anangoja.

"Nina sanda," Bi Mwatumu akasema. "Iko chini ya mchele."

Ukumbi wote ukanong'ona. Hakuna aliyewahi kufika pale. Wajumbe walitazamana, wakatafuta swali jingine, wakakosa. Mheshimiwa Kengewa akafumbua macho, na nikaona yana machozi ya furaha. Akatangaza kuwa Bi Mwatumu amejiandaa.

Mizigo ikapelekwa kwa rubani. Aliizunguka, akainua kona ya godoro, akairudisha.

"Mama, ndege yangu haiwezi kupaa na hivi vyote," akasema. "Inaweza kukubeba wewe, na labda mkoba."

Basi Baraza likaingia katika mjadala ambao haukuwa na mfano. Mjumbe wa kwanza alisema aliyefaulu ni Bi Mwatumu, kwa hiyo apande. Wa pili alisema aliyefaulu ni Bi Mwatumu pamoja na mizigo, na kwamba akiiacha anakuwa mtu mwingine, asiyejiandaa, anayepaswa kuulizwa upya. Wa tatu alipendekeza mizigo ipande na yeye abaki, kwa kuwa mizigo ndiyo iliyojibu maswali mengi. Pendekezo hilo lilipata watu wa kuliunga mkono. Wa nne akasema rubani aombwe aende akarudi amechelewa, ili Baraza lipate muda. Walizungumza kwa utaratibu, kila mmoja akimsifu aliyemtangulia, na juu yao mawingu yalikuwa yanapita, nami nilisikia usingizi ukinijia, usingizi ule mtamu, nikiwa nimesimama.

"Mheshimiwa," Bi Mwatumu akasema. "Nakuomba unisikilize wewe peke yako."

Wajumbe wakanyamaza.

"Mdogo wangu anapofuka. Nikikaa hapa mpaka mmalize, nitamkuta hanioni."

Mheshimiwa Kengewa hakukasirika. Alishuka kutoka kiti chake cha juu, akaja kukaa karibu naye kama watu wawili wazima wanavyokaa barazani kwao.

"Bi Mwatumu, mimi si mtu mbaya," akasema. "Katika Kuchelewa Kukuu nilikuwa na mdogo wangu wa kike, mtoto wa kushikwa mkono. Alilia kiu mpaka sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo tu. Sikuwa na kitu. Nilikuwa na tiketi mfukoni, basi. Niliapa kwamba hakuna mtu atakayekaa katika ukumbi huu tena bila maji. Na hakuna aliyekaa."

"Namkumbuka," Bi Mwatumu akasema. "Alikuwa na gauni la njano, na kiatu kimoja kimempotea."

Mzee yule alimgeukia.

"Nilimpa maji yaliyokuwa yamebaki kwenye chupa yangu," Bi Mwatumu akaendelea. "Nami nilipozidiwa, mtu nisiyemjua akanimenyea nusu ya chungwa. Jina lake sikuliuliza. Ukumbi mzima ulikuwa hivyo, mheshimiwa. Mwenye kipande alikata. Yule mtoto alikufa?"

"Hakufa. Yuko Lango la Kusini. Ana wajukuu."

"Basi hakuokolewa na mizigo."

Kuku mmoja alilia tengani. Mheshimiwa Kengewa alitazama mikono yake.

"Siwezi kuongoza nchi kwa kutegemea chungwa la mtu nisiyemjua," akasema hatimaye. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu aliyelifikiria jambo hilo miaka mingi na akaona anasema kweli.

"Huenda huwezi," Bi Mwatumu akasema. "Sikulaumu. Lakini mimi siwezi tena kungoja mpaka niwe sina cha kuogopa."

Akasimama. Akaifungua khanga ya pili aliyokuwa ameifunga kiunoni kwa kazi, akaikunja, akaiweka juu ya magunia yake pamoja na vitu vingine vyote. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Mwalimu, ndege hii ikitoka milimani inakwenda wapi?"

Nikaitazama. Ubavuni, chini ya jina la milimani, liliandikwa jina la kwetu. "Inakwenda nyumbani," nikasema.

"Twende, basi."

Ningependa kusema kwamba nilimwaza mke wangu. Nilichokiwaza ni bamia, kwamba zimeanza kutoa maua na hakuna wa kuzimwagilia. Niliona haya sana, na aibu ile ndiyo iliyoniamsha. Ilikuwa jambo la kwanza lisilo laini kunipata tangu nifike. Nikaanza kutembea.

Wapo waliotuita wazembe. Mjumbe wa pili alitaka walinzi, na walinzi wakamtazama Mheshimiwa Kengewa, naye alikuwa anatazama mawingu. Tulipofika mlangoni, mwanamke wa lango letu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, alimkimbilia Bi Mwatumu na kumtia chupa ya maji mkononi, wazi wazi, mbele ya Baraza zima. Akabaki amesimama pale, akingoja kukamatwa. Hakukamatwa. Nilipogeuka juu ya ngazi bado alikuwa amesimama, na watu wawili watatu walikuwa wamesogea wakasimama naye.

"Mnisamehe kwa vumbi," rubani alisema tulipoingia. Viti vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na kila kiti kilikuwa bado kimefungwa mkanda wake, kama kilivyotoka kiwandani. Bi Mwatumu alijifutia pa kukaa. Ndege ilipopaa alishika mkono wangu kwa nguvu, akafumba macho, na alipoyafumbua paa la kioo lilikuwa chini yetu, dogo, linang'aa kama kidimbwi, na jua lilikuwa linazama. Alilitazama mpaka likaisha. Alikuwa amesahau kwamba huwa linafanya hivyo.

Lazima nieleze jambo moja zaidi, kwa sababu nimeahidi kusema nilivyoona. Ndege ile ilichelewa kweli. Kabla ya milima tulikuta ukungu, na rubani akatushusha kwenye kiwanja kitupu penye majani marefu, akasema hajui tutakaa hapo mpaka lini. Tuliketi chini ya bawa usiku kucha, mpaka asubuhi. Palikuwa na baridi, na njaa ilituuma, na ningeifurahia sana moja ya sufuria zangu ikiwa na kitu ndani. Bi Mwatumu alitoa ile chupa, akampa rubani anywe kwanza, kisha mimi, kisha akanywa mwenyewe.

"Hivi ndivyo kuchelewa kunavyokuwa," alisema, akiutazama ukungu bila chuki. "Nilikuwa nimesahau. Ni kubaya, lakini ni hivi tu."

Rubani alikuwa na mkate kwenye koti lake. Tulikula. Bi Mwatumu alitusimulia jinsi Hadia alivyokuwa akiogopa mbuzi utotoni, na rubani akacheka mpaka akalala chali kwenye majani. Ukungu ulipopanda, hatukuwa tunauangalia.

Nyumba ya Hadia iko karibu na uwanja wa milimani, mahali ambapo mtu huweza kwenda kwa miguu. Ndege ilikuwa inatia mafuta, na Bi Mwatumu hakuwa ameuachia mkono wangu, basi nikaenda naye. Hakuwa na kitu chochote, na bado alitembea kama mtu aliyebeba kikubwa kichwani, kwa uangalifu, shingo imenyooka.

Hadia alikuwa amekaa kizingitini, ameuelekeza uso wake kwenye jua la asubuhi, macho wazi. Alisikia hatua zetu akageuza kichwa, lakini si mahali tulipokuwa. Bi Mwatumu alisimama. Nikajua anafikiri tumechelewa.

"Nani?" Hadia akauliza.

"Mimi."

"Dada, sogea huku," akasema. "Hapo ulipo hapana mwanga."

Bi Mwatumu alipiga magoti mbele yake. Hadia aliushika uso wake kwa mikono miwili, akaugeuza upande, taratibu, akautafutia mahali, kama mtu anayetafuta pa kupitisha uzi kwenye sindano. Kwa kuwa nilikuwa karibu, niliona macho yake yalivyotulia alipopapata. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo sana cha kuonea, pembeni kabisa mwa jicho la kushoto, lakini kilikuwa bado kinaona.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi sijioni."

Walicheka, wote wawili, kicheko cha wasichana. Kisha Hadia akaacha kucheka.

"Ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Nilikuwa najiandaa kuja."

"Umeniletea nini?"

"Sikuleta kitu, Hadia."

"Afadhali," Hadia akasema. "Nyumba yenyewe ndogo."

Bi Mwatumu alitaka kuinuka, maana magoti yake hayakuwa ya kukaa chini vile, lakini mikono ile ilimzuia.

"Usisogee kwanza," mdogo wake akasema. "Ukisogea nakupoteza."

Akatulia. Uwanjani injini iliwaka, nami ilinibidi niende nyumbani. Niliwaaga, sidhani kama walinisikia. Nilipofika kwenye ngazi ya ndege niligeuka kuangalia, na bado walikuwa vile vile, mmoja juu ya kizingiti na mmoja kwenye vumbi, na jua lilikuwa linapanda juu yao, na hakuna aliyekuwa amesogea.